Chupa ya Kwanza ya Mzee Evodius

Naandika sura hii nikiwa na hasira, na sitaki kuificha. Mwezi uliopita Zuhura alinipigia simu kutoka Mwanza kunijulisha kwamba mama yake amefariki, wamekwisha kumzika, na kwamba arobaini ikipita atakuja Bukoba kuniona kwa sababu ana jambo moja la kuniuliza. Nikamwambia aulize hapo hapo kwenye simu. Akasema, "Mama mdogo, mama amekufa akiamini kwamba mbegu zake ndizo zilizompofusha yule mzee wa Kimwani. Wewe ulikuwepo. Nataka kujua kama ni kweli." Nikamwambia njoo, haya si mambo ya simu. Baada ya hapo nilikaa jikoni nikiangalia sufuria ya maharage mpaka maji yakakauka na maharage yakaungua, nami nimekaa tu. Jibu la swali hilo ninalo. Ninalo tangu mwaka ule, na halijapotea hata neno moja.

Siku chache kabla ya simu hiyo nilikuwa kwenye sherehe ya ubarikio katika ile hoteli ya ufukweni, hapa hapa mjini. Binti mmoja mwenye tai ndogo shingoni alipita na trei ya glasi ndefu, na kila glasi ilikuwa na kikadi kimeegeshwa pembeni: "Kiangazi. Kinywaji cha nyumba, ubunifu wa mwanzilishi wetu." Mwanzilishi wao ni Novatus, bosi wangu wa zamani. Nilikunywa kidogo nikakirudisha mezani. Kilikuwa kitamu kupita kiasi, harufu yake ya dukani, ile ya peremende za bei rahisi, na barafu imeshayeyuka kabla hakijanifikia. Binti akaniuliza kwa adabu kama sijakipenda. Nikamwambia, mwanangu, kinywaji hiki nilikibuni mimi kabla hujazaliwa, na huyo mwanzilishi wenu alikuwa hajui hata kukamua ndimu. Akatabasamu jinsi wanavyofundishwa kutabasamu mbele ya mgeni aliyelewa. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja nilipoanza kazi kwenye kaunta ya hoteli ile, na mambo ya nyumbani kwetu na jinsi nilivyofika mjini hayana nafasi hapa. Nataka kuuongelea mwaka ule mmoja tu, na watu wake.

Nilipanga chumba Kashai, katika nyumba yenye vyumba sita na choo kimoja, na jirani yangu wa ukutani alikuwa Mama Zuhura. Ukuta wenyewe haukufika juu, uliishia usawa wa kenchi, kwa hiyo tulisikiana kila kitu: nilimsikia akisali alfajiri, akimbembeleza Zuhura anywe uji, akigombana na redio yake iliyopenda kukoroma katikati ya taarifa ya habari. Babu yake alitoka pwani na biashara akabaki, na yeye alizaliwa Bukoba na hakuwahi kuiona bahari. Mbele ya mlango wetu aliweka meza ya viungo: hiliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, na bizari tamu, zile mbegu nyembamba za kijani ambazo wanawake wenye watoto wachanga walizifuata hata kutoka Maruku, kwa sababu maji yake hutuliza tumbo la mtoto. Alizifunga kwenye vipande vya karatasi za daftari la zamani. Kiswahili changu cha shule kilimchekesha sana. "Asta, unaongea kama unasoma tangazo," aliniambia, na jioni nilipotoka kazini alinikaribisha kwenye mkeka wake tule wali na samaki, au nilete mimi ndizi zilizopikwa na maharage tuchanganye, yeye akidai kwamba Wahaya tungepewa pepo tungeuliza kwanza migomba iko upande gani.

Mwezi wa sita jua lilikuwa kali na ziwa limetulia, vumbi la Kashai linaingia mpaka kwenye chumvi. Siku moja ya mapumziko nilikuwa nimelala na tumbo linanisokota, akaniletea kikombe cha maji ya bizari tamu yaliyochemshwa asubuhi na kupozwa kwenye mtungi, kayakamulia ndimu na kutia sukari kidogo. Nilikunywa kwa pumzi moja. Ulimi ulipoa, koo likapoa, hata pua nilihisi imefunguka. Nikamwambia, Mama Zuhura, hiki ungekiuza hotelini ungetajirika. Akacheka, akasema hotelini kwenu mnauza maji machafu, mimi na maji machafu wapi na wapi. Alikuwa mtu wa dini, na pombe hakuitaja kwa jina.

Wazo lilianzia kwenye kikombe hicho, na ni langu. Pale kaunta tulikuwa na bia na soda, na chini ya meza, ndani ya madumu ya maji ya kunywa, tulikuwa na gongo ya ndizi iliyotoka nyumbani kwa kina Novatus, Kimwani, kule Muleba. Ilikuwa imepigwa marufuku, na waliokuwa wakiinywa kwa wingi ni wale wale waliopaswa kuikamata, nilishawahi kumsikia mmoja wao akisema mezani, "Leta ya kienyeji, hii ya chupa inanipa kichwa." Tatizo lake lilikuwa ukali na harufu. Wageni wa kike hawakuitaka kabisa. Nikatwanga kidogo bizari tamu kiganja kimoja, nikaitia kwenye chupa ya gongo, nikaiacha dirishani siku tatu, kisha nikaichuja kwa kitambaa cheupe. Kwenye jagi nikatia maji ya nanasi yaliyochujwa, ndimu tatu, sukari iliyoyeyushwa, majani ya nanaa niliyoyafikicha kwa vidole, barafu nyingi, halafu ile gongo, na mwisho kabisa maji baridi. Maji yalipoingia, kinywaji kizima kilibadilika rangi mbele ya macho yangu, kikawa cheupe kama maji ya kuoshea mchele. Nilidhani nimekiharibu. Mpishi akaonja, akaonja tena, akaniambia nimwache na jagi.

Ndani ya wiki mbili watu walikuwa wakija kwa ajili yake. Novatus alikuwa bosi wa kupita akigusa vitu: kiti, kitasa, bega la mtu. Alionja, akagonga kaunta kwa kiganja, akasema kinywaji hiki kitaitwa Kiangazi. Hakuniuliza nimekifanyaje mpaka aliposikia watu wanakisifia hadi Muleba. Ndipo akataka kingi. Kuloweka chupa moja moja kulikuwa hakutoshi, nami nikajifanya mjuzi nikamwambia mbegu zingetiwa humo humo kwenye pipa wakati wa kukeneka gongo, mvuke ungepanda na harufu yake. Alipenda. Akanituma Kimwani kwa wiki mbili nikasimamie, na akaniambia nitafute mbegu kilo mbili. Nilizinunua kwa Mama Zuhura. Aliniuliza kilo mbili za nini, kuna watoto wachanga wangapi hotelini. Nikamwambia ni za chai ya wageni. Nilimdanganya nikiwa nimekaa kwenye mkeka wake, na wali wake mdomoni.

Kimwani nilipokelewa vizuri, na hilo linaniuma mpaka leo. Mzee Evodius, baba yake Novatus, alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya pama, na jambo alilojivunia kuliko kahawa yake na migomba yake lilikuwa macho. Alisoma gazeti la kanisa bila miwani, akilinyoosha mbele ya kila mgeni makusudi, akisoma hata yale maandishi madogo ya chini ambayo hayana maana. Nilipopiga magoti kumsalimu siku ya kwanza alinipa buni za kutafuna kutoka kwenye kikapu chake kidogo, akanikaribisha kwa Kihaya, "Nyegera, mwana wange. Huyu mwanangu anakulipa au anakutazama tu?" Jioni tulikaa sebuleni juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, tukila ndizi na senene za kukaanga zilizohifadhiwa tangu msimu uliopita, na yeye akasoma kwa sauti matangazo ya ndoa ya parokia ambazo hata hazikuwa zetu.

Kazi ya pipa ilikuwa ya Ta Projestus, yaani Bwana Projestus, mtu wa makamo, mkimya, mwenye vidole vilivyobabuka kwa moto. Lubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imekwisha kukanyagwa na kuchacha. Yeye aliipika kwenye pipa lililofungwa kwa udongo, na mrija wa shaba ukapita ndani ya mtumbwi wa mti uliojaa maji baridi, ukatoka upande wa pili ukidondosha. Aliniambia maneno machache, na la kwanza lilikuwa hili: kile kinachotangulia kutoka hakinyweki. "Kinachotangulia kina ubaya, Asta. Kinakula mishipa, kinakula macho. Unakijua kwa harufu, kinachoma pua kama rangi ya mlango. Kijaze chupa moja, kamwage mbali." Nikamuuliza, na ya mzee je? Kwa maana kwetu kila mtu anajua kibuyu cha kwanza cha lubisi ni cha mwenye nyumba, hakuna anayethubutu kuonja kabla yake, na gongo ilipoingia vijijini watu waliihamishia heshima ile ile bila kufikiri. Ta Projestus akatazama huku na huku. Kisha akanionyesha. Alikinga chupa ya kwanza, akaenda nayo nyuma ya kibanda akaimwaga kwenye shimo la majivu, akarudi, akasubiri, akakinga chupa nyingine kutoka katikati, nzuri, safi, halafu akapaza sauti ili asikike mpaka nyumbani, "Ya kwanza ya mzee hii hapa!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Miaka kumi na minane alikuwa akifanya hivyo. Mzee Evodius alikuwa akinywa ya katikati na kuwasifia watu ladha ya chupa ya kwanza.

Siku tuliyoweka mbegu za Mama Zuhura, Ta Projestus hakuwepo. Alifiwa na shemeji yake kijiji cha pili, akaondoka asubuhi akiniachia moto na maelekezo. "Ya kwanza unajua pa kuipeleka," akasema. Saa nne Novatus akaja na gari lake kutoka Bukoba, amevaa viatu vyeupe kwenye migomba, akajisimamisha kando ya mtumbwi kama gongo ameipika yeye. Matone yakaanza. Nilikinga chupa, ikajaa, nikaibeba kuelekea nyuma ya kibanda.

"Unaipeleka wapi?"

"Kumwaga, bosi. Hii ya kutangulia haifai."

"Unamwaga cha baba?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kwa maneno yale yale ya Ta Projestus, ukiacha ile habari ya miaka kumi na minane, maana niliona nitamchongea mtu asiyekuwepo. Novatus akanusa mdomo wa chupa. Na hapa ndipo ninapotaka mtu anisikilize kwa makini: haikunuka kitu kibaya. Ilinukia bizari tamu. Harufu ya mbegu ilikuwa imepanda na ule mvuke wa kwanza ikafunika ule ukali wote unaochoma pua, na chupa ikanukia kama chumba cha Mama Zuhura. "Kitu kizuri namna hii ndicho unachotaka kumwaga?" akasema. "Jana umetoka kaunta, leo unatufundisha mila zetu? Kwenu mzee anapewa makombo?" Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi wakageuka kuniangalia. Mmoja akasema kwa Kihaya, kwa sauti ya kunisaidia, kwamba mpe tu, mwana, usilete ugomvi. Nikaenda. Nilipiga magoti mbele ya mzee Evodius nikamkabidhi chupa kwa mikono miwili, na nikasema, kwa sauti ndogo ambayo mpaka leo naitukana, "Waitu, mzee wangu, hii ni kali sana." Akacheka. "Mwana wange, ya kwanza huwa haina ukali wowote, hawa vijana ndio wana midomo laini." Kwa nini sikujikwaa? Chupa ingevunjika, Novatus angenifukuza, na ingeishia hapo. Nimeivunja chupa ile kichwani mwangu mara nyingi, ila kila mara ni usiku wa kuamkia siku ambayo haina msaada kwa mtu yeyote.

Aliinywa peke yake, siku mbili, kwa sababu aliipenda. Siku ya kwanza alilalamika kichwa na kutapika kidogo, wakasema ni malaria. Asubuhi ya siku ya tatu nilimpelekea uji. Alikuwa amekaa kitandani na gazeti mapajani, jua limeingia mpaka katikati ya sakafu, na akaniambia kwa upole, "Mbona mmefunga madirisha?" Nilisimama na bakuli mkononi. Akarudia, akidhani sikusikia. Nikasema nitafungua, waitu. Nikaenda dirishani nikasogeza ubao ambao ulikuwa umeshasogezwa, ili asikie sauti. Walimpeleka hospitali siku hiyo hiyo, wakarudi naye baada ya wiki, na macho hayakurudi.

Kikao cha ukoo kilifanyika kwenye uwanja wa nyumba, na niliitwa. Novatus alisimama, na alikuwa akilia kweli, siwezi kumnyima hilo. Akasema tangu babu zetu watu wa nyumba hii wanakunywa chupa ya kwanza na hakuna aliyewahi kupofuka. Sasa kipya ni nini? Kipya ni mbegu. Na mbegu zimetoka kwa nani? Akanigeukia, nikalitaja jina la Mama Zuhura wa Kashai. Nililitaja mara moja tu, ikatosha. Kilichofuata kilikuwa kelele: Mswahili ametuuzia sumu, wale watu wana dawa zao, nani anajua alitia nini. Nilimwangalia Ta Projestus. Yeye aliangalia miguu yake. Nilisubiri aseme, yeye akisubiri niseme mimi. Baadaye nilimfuata kwenye kibanda nikamuuliza kwa hasira kwa nini amenyamaza. "Niwaambie nini, Asta? Kwamba kwa miaka kumi na minane nilikuwa namdanganya baba yao mbele ya watu? Kwamba chupa ya kwanza aliyoisifia hajawahi kuionja hata siku moja, na siku aliyoionja ndiyo hii?" Kisha akasema, "Na wewe mbona umenyamaza?" Nikamwambia mimi ni mgeni pale. Lilikuwa jibu la kijinga, na sote wawili tulilijua.

Maneno yalifika Kashai kabla yangu. Nilikuta meza ya viungo imejaa na hakuna mnunuzi. Mwanamke mmoja, ambaye watoto wake wote watatu walinyweshwa maji ya bizari ile, alirudisha kikaratasi chake akamwaga mbegu kwenye kizingiti, akakanyaga, akaondoka. Wanawake wenzake wa msikitini nao walimnunia kwa sababu yao: wamesikia mbegu zake zimepikiwa pombe, na kilo mbili zote mtu hawezi kuuza bila kujua. Upande mmoja aliambiwa ni mchawi, upande mwingine muuza pombe, na yeye hakuwahi hata kulitamka neno lenyewe. Kupitia juu ya ule ukuta nilimsikia akimwambia Zuhura asitoke nje kucheza. Mwenye nyumba akampa mwezi mmoja. Hakuumaliza.

Siku ya kuondoka alibisha mlangoni kwangu, vitu vyake viko kwenye mkokoteni, Zuhura wa miaka minne amekalia godoro. Hakunigombeza kwa ule uongo wa chai. Alinishika mkono akaniuliza, taratibu kabisa, "Asta, mwanangu, niambie ukweli. Mbegu zangu zimemdhuru yule mzee?" Nilikuwa na jibu kamili. Ningelisema kwa dakika moja. Lakini siku ile ile asubuhi Novatus alikuwa ameniambia kwamba serikali ikiuliza, aliyepika gongo ile ni mimi na aliyeipeleka kwa mzee ni mimi, mashahidi wapo. Na kwamba nikitulia, kuanzia mwezi ujao mimi ndiye mkuu wa kaunta. Nikamwambia Mama Zuhura, "Sijui, mama." Akatikisa kichwa, akasema haidhuru, akanipa kikaratasi cha hiliki niweke kwenye chai, na akaenda kupanda basi la Mwanza.

Kinachonifanya nishindwe kula nikikumbuka ni mwezi wa kumi na mbili. Watu wetu wa Dar es Salaam walikuwa wanarudi kwa ajili ya Krismasi, hoteli imejaa, na Novatus akaja kaunta akaweka mfuko wa karatasi mbele yangu. Bizari tamu. Amenunua sokoni, duka lingine. "Hizi ni salama," akasema. "Wageni wanaulizia Kiangazi." Nilizinusa. Zilikuwa mbegu zile zile, huenda gunia lile lile. Hakuna mtu wa ukoo ule aliyeuliza ilikuwaje sumu ya mwezi wa nane ikawa salama mwezi wa kumi na mbili. Nami nikatwanga, nikaloweka, nikachuja, nikakamua ndimu, mkuu wa kaunta mwenye blauzi mpya. Siku ya Krismasi walimleta mzee Evodius kula na watoto wake, ameshikwa mkono, kofia ya pama kichwani. Nilipopita na trei aliinua uso. "Ni ile yenye harufu nzuri?" akauliza. Wanawe wakamgeukia Novatus. "Nipeni na mimi. Harufu yake naikumbuka." Novatus akacheka kwa nguvu, akanipungia mkono nimhudumie baba yake, na watu wakacheka pamoja naye kwa kuona afueni. Nilimpa. Alikunywa akasema ni baridi, ni nzuri, na nani ameitengeneza. Novatus akasema, "Mimi, baba."

Niliacha kazi mwaka uliofuata. Nimeolewa, nimefanya biashara ya vitambaa, nimezeeka, na Novatus ni mzee wa kanisa mwenye kiti chake cha mbele. Nimemchukia kwa ukamilifu. Nilidhani chuki ile inatosha kuwa ndiyo malipo yangu kwa Mama Zuhura.

Zuhura alikuja Jumamosi iliyopita. Ni mwanamke mkubwa sasa, mwalimu, anatembea kama mama yake, na aliacha viatu mlangoni ingawa nilimwambia aingie navyo. Sikumpikia, nilimpa chai tu, na kabla hajaigusa nikamweleza yote kama nilivyoyaandika hapa: pipa, chupa, viatu vyeupe, magoti yangu, kikao, na yale maneno yangu mawili mlangoni. Mbegu hazikumpofusha mtu, nikamwambia. Zilificha harufu tu, na aliyezitia pipani ni mimi. Nilipofika kwa Novatus sauti ilinipanda. Nikasema tuondoke sasa hivi, mimi na wewe, twende mpaka pale hotelini, nikamseme mbele ya wageni wake, nikichane kile kikadi chake. Nilikuwa nimeshasimama.

"Kaa, mama mdogo," Zuhura akasema.

Nikakaa.

"Huyo Novatus mimi simjui. Mama alikuwa hamtaji. Alikuwa anakutaja wewe." Akazungusha kikombe kwenye kisahani. "Kila Idi alikuwa anakupigia simu. Idi zote mbili, kila mwaka, tangu alipopata namba yako kwa watu wa Kashai. Mimi ndiye nilikuwa nambonyezea. Halafu ananiambia nitoke nje. Mlikuwa mnaongea nini?"

Nilitafuta pa kuangalia. "Alikuwa ananiuliza hali ya mzee Evodius. Kama macho yamepata nafuu."

"Na wewe?"

"Nilikuwa namwambia yanaendelea vizuri. Kwamba ameanza kuona mwanga kidogo. Nilitaka afurahi, Zuhura. Ilikuwa sikukuu."

"Alikuwa anafurahi kweli," akasema. "Alikuwa akirudi ndani analia, anatoa sadaka, anasema dua yangu inamfikia, bado kidogo. Alikuwa anafunga Jumatatu na Alhamisi kwa ajili ya yule mzee mpaka daktari akamkataza. Na hata alipokatazwa, hakuacha." Akainua kikombe. "Yule mzee yuko wapi sasa? Nataka kwenda kumsalimu, nimwambie mama amefariki."

Nikamwambia mzee Evodius amekufa. Akaniuliza lini. Nikamwambia ni miaka tisa sasa.

Zuhura akaweka kikombe chini. Akafungua mkono wa kushoto mapajani akaanza kukunja vidole, Idi moja moja, midomo ikicheza bila sauti. Vilipokwisha vya mkono huo akaenda wa kulia, na vilipokwisha vya kulia akarudi wa kushoto, akaanza upya.